Kiwele cha Barwaqo

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, wakati visima vya nyika za Wajir vilikuwa na zamu na kila zamu ilikuwa na ugomvi wake, palikuwa na mjane jina lake Ebla. Sogeeni karibu, na anayesinzia aamshwe na jirani yake, kwa sababu mwishoni mimi nitanyamaza na ninyi ndio mtakaosema.

Ebla hakuwa na ngamia. Alikuwa na mbuzi wachache wenye tabia mbaya, kibanda cha mikeka, na mjukuu jina lake Idil, ambaye mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Idil alikuwa hajamaliza kuota meno. Chakula chake kilikuwa maziwa, na maziwa aliyoyakubali ni ya ngamia peke yake. Ya mbuzi aliyatema, tena usoni mwa aliyempa. Ebla alimpenda mtoto yule kwa mapenzi ya watu wawili, yake mwenyewe na ya binti aliyemzika.

Basi Hirsi, ami yake marehemu mume wa Ebla, mtu mwenye ngamia wa kujaza bonde, alisikia habari za mtoto. Akaja na ngamia mweupe mrefu jina lake Barwaqo, yaani neema, akifuatwa na ndama wake jike aliyezaliwa karibuni. Alimkabidhi Ebla ngamia yule mbele ya kambi nzima. Hirsi hakupenda kutoa kitu pasipokuwa na watu wa kutazama.

“Maziwa ni yako, ndama ni wangu,” akasema. “Maziwa yakikatika, ngamia anarudi kwangu.”

Hiyo ndiyo desturi ya ngamia wa kuazimwa, na hakuna aliyeiona kuwa ngumu. Watu walimsifu Hirsi mpaka akaona haya, au tuseme akainamisha kichwa kama mtu anayeona haya. Ebla alilia kwa furaha. Jioni ile Idil alikunywa, akashiba, akalala na povu juu ya mdomo.

Sasa sikilizeni jinsi ngamia anavyokamuliwa, maana shari yote ilianzia hapo. Kwanza huletwa ndama. Ndama hunyonya kidogo, mama humnusa, kisha hushusha maziwa. Bila ndama kando yake, ngamia huyabana maziwa na hupati hata tone, umwimbie, umbembeleze. Na akishayashusha, huyaachia kwa muda mfupi tu, ndipo wakamuaji wawili huingia pamoja, huyu kulia na huyu kushoto, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja, chombo kimekaa juu ya goti. Chuchu mbili za nyuma ni za ndama. Chuchu mbili za mbele ni za watu.

Tena kule kwao mwanamke hakamui ngamia. Kiwele hakigusi kabisa. Walisema akikigusa, maziwa yatakauka. Kwa hiyo Ebla, mwenye njaa ya mjukuu nyumbani, alikuwa akisimama pembeni na kibuyu chake kilichofukizwa moshi, akingoja wanaume.

Wanaume wenyewe walikuwa wawili. Kulia alikamua Gedi, shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu. Kushoto alikamua Dekow, jirani. Walikuja kwa wema, na pia kwa bakuli la kwanza, ambalo ni haki ya mkamuaji. Gedi alisema Dekow hukamua kama mtu anayevuta kengele. Dekow alisema Gedi hukamua kama anayeogopa kumwamsha ngamia. Kwa sababu hiyo hawakuwa wakizungumza, na kwa sababu hawakuzungumza, waligawana kazi mapema ili pasiwe na haja ya maneno. Asubuhi, baada ya kukamua, Gedi alizifunga chuchu mbili za mbele kwa uzi laini wa gome, ili ndama asizinyonye huko malishoni. Jioni Dekow alifungua. Gedi kufunga, Dekow kufungua. Mpango mzuri, na ulikwenda vizuri mpaka siku moja.

Ndama wa Barwaqo alikuwa na akili kuliko baadhi yetu. Alijifunza kuuchezea ule uzi kwa ulimi mpaka unalegea, kisha akanyonya chuchu zote nne. Jioni ile Ebla alipata maziwa ya kulowesha kitako cha kibuyu tu, na Idil akalia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi yake Ebla akamwambia Gedi, “Kaza kidogo, shemeji. Ndama ana ujanja.”

“Nimekaza.”

“Kaza tena.”

Gedi akakaza tena. Alikuwa shemeji mtiifu.

Siku hiyohiyo zamu yao ya kisima ikafika, na kisima kilikuwa mbali. Gedi akaondoka na ngamia, Barwaqo akiwamo na ndama wake. Dekow akabaki, ana ngamia wake mgonjwa wa kumwangalia. Foleni kisimani ilikuwa ndefu, wakalala hukohuko, na kesho yake wakasukumwa nyuma tena na watu wenye sauti kubwa. Muda wote huo chuchu mbili za Barwaqo zilikuwa zimefungwa, maziwa yanaingia na hayana pa kutokea. Gedi aliuona uzi. Aliuona akitembea nyuma ya ngamia, akauona akikaa, akauona akinywa chai. Lakini kufungua ilikuwa kazi ya Dekow.

Waliporudi kambini, Dekow akafungua, kama alivyopaswa. Kiwele kilikuwa kigumu na cha moto. Kwa kuwa hata watu wasiozungumza wana kazi ya kumaliza, wakasimama kwa mguu mmoja, wakakamua. Yalitoka maji maji yenye madonge. Siku ya pili yalitoka madonge yenye damu. Barwaqo, aliyekuwa mpole hata watoto wakipita chini ya tumbo lake, akapiga teke na chombo cha Gedi kikaruka hadi kwenye miiba ya boma.

“Ni mkono wako,” akasema Gedi. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Dekow kwa muda mrefu.

“Ni mkono wako,” akajibu Dekow.

Ebla aliyatazama yale maziwa ndani ya kibuyu. Alijua ni ugonjwa wa kiwele. Kila mtu kule alijua. Pia alijua Hirsi akisikia tu, ngamia atachukuliwa, na Idil atabaki na mbuzi. Akawaambia wale wawili, “Nawaombeni jambo moja. Msimwambie ami Hirsi. Litapungua lenyewe.”

Gedi akakubali upesi. Dekow naye akakubali upesi. Ebla akashukuru kuwa na watu wema namna hiyo, wala hakujiuliza upesi ule umetoka wapi.

Lakini halikupungua. Maziwa mabaya aliyamwaga nyuma ya kibanda na kuyafukia kwa majivu, na yale mazuri yaliyosalia katika chuchu za nyuma akawa anamwibia ndama, kidogo leo, kidogo kesho, kwa mkono wa Gedi. Ndama akakonda. Idil akakonda. Barwaqo akawa anatembea miguu ya nyuma ameitanua, na kwa mwendo ule hata mgeni anayepita njia angejua ngamia ana nini.

Mgeni wa kwanza kupita alikuwa Hirsi mwenyewe. Alikuja kumtazama ndama wake, akaikuta kambi imekusanyika kisimani siku ya zamu. Akamzunguka Barwaqo, akainama, akainuka.

“Hiki kiwele kimepatwa na nini?”

Hakuna aliyejua. Gedi akasema labda ni jicho la mtu. Dekow akasema labda ni kupe. Ebla akasema ni hivi karibuni tu, akatazama chini. Watu wote walijitia hamnazo, na wengine walitoa shauri kwamba ni upepo.

Hirsi akaona umati, na umati ulimwona. Mtu wa namna yake hawezi kukasirika mbele ya watu wengi hivyo, anaweza tu kuwa mkarimu. Akainua mkono. “Naapa mbele yenu nyote. Atakayekiokoa kiwele hiki, ndama huyu ni wake, yeye na uzao wake.”

Mnajua ndama jike wa ngamia ni nini kwa mtu asiye na ngamia. Ni kundi zima linalosimama kwa miguu minne. Na wale watu ambao punde tu walikuwa hawajui lolote kuhusu viwele, kufikia wakati wa chai kila mmoja alikuwa na dawa.

Gedi akaingiza chuma motoni, kikawa chekundu, akamchoma Barwaqo mistari pembeni ya kiwele kama baba yake alivyofanya na babu yake kabla ya baba. Barwaqo akanguruma, nyika nzima ikasikia.

Dekow akapanda lori la mbuzi hadi mjini, akarudi na kichupa na sindano, akamdunga Barwaqo shingoni. Akarudia siku zilizofuata kama alivyoagizwa na muuza dawa. Barwaqo akamtemea mate, naye akajifuta, akadunga tena.

Hirsi naye hakukaa. Alichinja kondoo wa sadaka, akawalisha watu, wakasoma dua kwa tumbo lililoshiba, na dua ya namna hiyo husomwa kwa nguvu.

Na Ebla? Mchana, wanaume walipokwenda malishoni na Barwaqo akabaki kambini kwa sababu ya ugonjwa, Ebla alimfuata na sufuria ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alinawa mikono kwa majivu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapiga moyo konde, akashika kile ambacho tangu utoto aliambiwa asikishike. Kilikuwa cha moto. Alikuwa na hakika kwamba maziwa yote yatakauka papo hapo na dunia nzima itajua ni yeye. Barwaqo alipiga teke, sufuria ikamwagika. Ebla akachemsha maji mengine. Alikanda, akakamua taratibu, akakanda, mpaka ukatoka usaha mzito wenye harufu ya kutapisha. Aliendelea kwa kuwa Idil alikuwa akilia ndani ya kibanda. Kesho yake akarudia, na keshokutwa, na kila mchana Barwaqo alizidi kutulia, hata akawa akimwona Ebla na sufuria anajitanulia miguu mwenyewe.

Kiwele kikanywea. Moto ukapoa. Maziwa yakaja mepesi, yakaja meupe, yakaja na povu. Chuchu moja ya mbele ilikufa, ikabaki ngozi tupu, lakini zile tatu zilijaa. Idil akanywa, akashiba, akampiga bibi yake kofi la furaha. Ebla alikaa chini akacheka peke yake kama mwehu.

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana ugonjwa hauna mwenyewe lakini uzima wadai wake ni wengi.

Shauri lilipelekwa kwa Shurie, msimamizi wa zamu kisimani. Kwa nini Shurie? Kwa sababu yeye peke yake ndiye ambaye hakuna anayethubutu kumbishia, ukimbishia unanywesha wa mwisho. Asubuhi na mapema, kabla ya kukamua, aliamuru ndama afungwe kwenye nguzo ya kisima. “Mali yenye mashauri haiguswi, hata na mama yake,” akasema. “Asije mtu akamchukua tukaanza kesi nyingine. Atakayemfungua kabla sijakata neno, nitahesabu amejitwalia.” Kisha akakaa juu ya birika la kunyweshea lililopinduliwa, mifugo ikiwa imejipanga nyuma yake. “Haya, semeni kwa kifupi. Ngamia wana kiu.”

Hawakusema kwa kifupi.

Wa kwanza alikuwa Gedi. “Aliyeponya ni mimi,” akasema. “Ugonjwa ni moto, na moto hutolewa kwa moto. Alama zipo, tazameni. Tena hakuna mtu aliyekuwa karibu na ngamia huyu kuliko mimi. Nilikwenda naye kisimani, nikalala kando yake, sikuondoa macho yangu kwenye kile kiwele tangu tulipotoka mpaka tuliporudi.”

“Hukuyaondoa kabisa?” akauliza Shurie.

“Kabisa.”

“Na uzi ulikuwa umefungwa?”

“Nilifunga mwenyewe. Nafunga vizuri.”

“Safari nzima?”

Gedi akamnyooshea Dekow kidole. “Kufungua ni kazi ya Dekow,” akasema.

Ng'ombe wa mtu mmoja alilia kule nyuma kwenye foleni. Hayo ndiyo madai ya Gedi, yashikeni.

Wa pili alikuwa Dekow. “Aliyeponya ni mimi,” akasema. “Chuma kinachoma ngozi, ugonjwa uko ndani. Dawa yangu ndiyo iliyoingia ndani. Mimi sikubahatisha kama wengine. Ugonjwa huu naujua, kwa sababu wakati ule ngamia wangu alikuwa nao, nami nilikuwa namhudumia kila jioni.”

“Wakati upi?” akauliza Shurie.

“Wakati uleule, kabla ya Barwaqo kuugua.”

“Na jioni ulikuwa unakamua yupi kwanza?”

“Wangu, bila shaka. Mtu huanza kwake.”

“Kisha?”

“Kisha nakwenda kumsaidia Ebla.”

“Ukishanawa?”

Dekow akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la dharau. “Na maji ya kisima hiki, Shurie, kwa zamu unazotupa wewe, mtu atanawa kwa maji yapi?”

Shurie akaguna, maana jibu lile lilimgusa hata yeye. Hayo ndiyo madai ya Dekow, yashikeni.

Wa tatu alikuwa Hirsi, na watu walishangaa. “Aliyeponya ni Mungu,” akasema, “na aliyemwomba ni mimi. Kondoo alikuwa wangu. Hawa kila mmoja alitia mkono wake, sawa, lakini kwa nini walitia? Kwa sababu niliapa. Bila kiapo changu wangekuwa bado wanasema ni upepo. Kwa hiyo kama niliahidi ndama kwa aliyeokoa kiwele, na aliyeokoa ni mimi, basi nimejipa, nami ni mtu wa kutimiza ahadi.”

Watu wakacheka, Hirsi hakucheka. Alitaka kuwaonyesha kuwa hafanyi mzaha. “Sadaka yangu haijawahi kushindwa,” akaendelea. “Hata mwaka juzi, kiwele hikihiki kilipovimba nikiwa naye kwangu, nilichinja, na kikanywea.”

Hata waliokuwa wanavuta maji walisimama, kamba mkononi.

“Kiwele hikihiki?” akauliza Shurie polepole.

“Kilipona,” akasema Hirsi. “Nimesema kilipona.”

“Kisha ukamwazima Ebla.”

“Nilimwazima kwa huruma.”

Ebla alimtazama Hirsi na uso ukamwaka. Akakumbuka alivyolia kwa furaha siku ile, mbele ya watu, na jinsi alivyomwombea Hirsi umri mrefu kila baada ya swala. Aliona uchungu, tena uchungu mkali, lakini aliumeza, kwa kuwa umri mrefu alishamwombea na dua hairudishwi. Hayo ndiyo madai ya Hirsi, yashikeni.

Akabaki yeye. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona na sufuria, na akisema, anasema kosa lake kwa kinywa chake. Lakini alimtazama yule ndama kwenye nguzo, mwenye shingo ndefu na masikio ya kushangaa, akamwona kwa mawazo Idil ameshakua, ana ngamia wake, hamsubiri mtu na kibuyu. Akasimama.

“Aliyeponya ni mimi,” akasema Ebla. “Nilikishika kwa mikono yangu. Nilikikanda kwa maji ya chumvi na nikautoa usaha mpaka ukaisha. Kila mchana.”

Makelele yakazuka. Gedi akashika kichwa. “Shemeji, umegusa kiwele?”

“Nimegusa.”

“Ndiyo maana chuchu moja imekufa,” akasema Dekow.

“Na zile tatu zimejaa kwa nini?” akauliza Ebla.

Shurie akamnyamazisha kila mtu. “Ebla,” akasema, “nani alimwambia Gedi akaze ule uzi?”

“Mimi.”

“Na nani aliwaambia wasimwambie mwenye ngamia, mpaka ugonjwa ukakomaa?”

“Mimi,” akasema Ebla. “Ningemwambia, angemchukua. Mtoto wangu angekunywa nini?” Akaketi. Hayo ndiyo madai ya Ebla, yashikeni pamoja na mengine, ikiwa mikono yenu bado ina nafasi.

Shurie alijikuna kidevu. “Zamu ya maji naiweza,” akasema. “Aliyefika kwanza hunywesha kwanza. Ninyi wote mmefika kwanza kuharibu, na wote mmefika kwanza kutengeneza. Hii siiwezi.”

Basi wakaanza upya. Gedi akasema bila chuma chake sindano isingepenya. Dekow akasema bila sindano yake chuma kingeua. Hirsi akasema bila kiapo chake wote wangekuwa wamelala. Jua likapanda, likasimama utosini, likaanza kushuka upande wa pili. Walieleza kwa ufasaha mkubwa, wakataja mababu, na waliokuwa kwenye foleni wakasahau kiu yao, wengine wakaanza kuchagua upande.

Ebla hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa anamtazama Barwaqo.

Barwaqo alisimama mbali kidogo na nguzo, amefungwa miguu ya mbele, ameelekeza shingo kwa ndama wake, analia ile sauti ya ngamia inayotoka tumboni. Hajakamuliwa tangu jana jioni. Ndama haguswi, na bila ndama maziwa hayashuki, wala kwa mkono wa Gedi, wala kwa mkono wa Dekow, wala kwa mkono wa Ebla. Kiwele kilikuwa kimejaa. Ngozi yake ilianza kung'aa. Zile chuchu tatu zilizosalia zilikuwa zimesimama huku na huku kwa kubanwa, na Barwaqo alikuwa ameanza, kidogokidogo, kuitanua miguu ya nyuma. Mikononi mwa Ebla, Idil alikuwa akinyonya kidole na kulia kwa zamu.

Ebla akasimama mara ya pili. Macho yake yalikuwa na machozi wala hakuyafuta. “Mpeni yeyote,” akasema. “Mpeni Gedi. Mpeni Dekow. Mpeni hata ami Hirsi. Lakini mpeni sasa hivi, ndama anyonye. Mimi simtaki.”

Nawajua ninyi, mnadhani mmeshajua mwisho. Mnadhani Shurie alipiga paja lake akasema, huyu ndiye mwenye huruma, huyu ndiye mwenye ndama. Na mimi ningependa iwe hivyo.

Shurie akauliza, “Umesema kwa hiari yako, Ebla?”

“Kwa hiari yangu.”

“Mmesikia nyote,” akasema Shurie, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. “Ebla amejitoa. Wamebaki watatu.”

“Shauri limekuwa jepesi,” akasema Hirsi kwa furaha. Gedi akakohoa, akasogea mbele, akaanza tena tangu pale alipoingiza chuma motoni. Dekow akasema asimkatize mtu. Na hao watatu, ambao kila mmoja aliapa kwamba ndiye aliyekiokoa kile kiwele, walisimama wakiwa wamekipa kisogo.

Ebla alibaki kati ya nguzo na ngamia, mtoto begani. Akimfungua ndama, atahesabiwa amejitwalia kile alichokikana sasa hivi mbele ya watu, na Hirsi atapata sababu ya kumchukua Barwaqo kabla ya jioni. Asipomfungua, itakuwa maziwa ya damu tena, na safari hii hapatakuwa na chuchu ya kubakia.

Hapo nanyamaza mimi, ni zamu yenu. Nimeisimulia hadithi hii kwenye kambi nyingi. Wenye ngamia wengi walisema ndama ni wa Hirsi. Wenye sindano walisema Dekow, wazee walisema Gedi, wanawake hawakusema kitu, walinitazama tu mpaka nikaomba maji ya kunywa. Bishaneni mpendavyo, lakini msijivute, kwa maana wakati ninyi mnapima nani ana haki zaidi, Barwaqo bado hajakamuliwa. Je, nani alistahili yule ndama, na je, kuna hata mmoja wenu aliyenyanyuka kumfungua?